Ukimpeleka Mbwa, Peleka na Maneno

Mbwa wa Tarime haendi saluni. Manyoya yake ni mafupi, na mkasi akiukaribia ni ule wa kukatia bandeji. Lakini ipo siku atawekwa mikononi mwa mtu asiyemjua. Anaweza kuwa mchanjaji aliyefika shuleni na boksi la barafu, au bwana mifugo wa kata. Kwa wachache wanaofuga mbwa wa kizungu wenye manyoya marefu, ni kijana wa mjini anayeogesha na kunyoa. Wote watatu wana shida moja: wanamwona mnyama dakika chache tu, na mnyama hasemi. Yaliyotokea jana usiku, wiki iliyopita na kule porini unayajua wewe. Mwongozo huu ni wa namna ya kuyasema, na umeandikwa kwa wafugaji wa Tarime na Serengeti kwa sababu huku mbwa anaishi karibu na ng'ombe, na pori, na mpaka wa hifadhi, na kila kimojawapo kina habari yake.

Sema ulichokiona

Wengi hufika kwa bwana mifugo na hukumu mkononi. "Mbwa amelishwa sumu." "Ana minyoo." "Kalogwa na jirani." Huenda ni kweli, lakini ukianza na hukumu daktari atakuuliza kuhusu sumu, nawe utajibu kuhusu sumu, na dalili yenyewe itabaki nyumbani. Anza na macho yako. Tazama maneno ya mama huyu wa mfano, mbele ya bwana mifugo kijana aliyeajiriwa juzi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbwa wangu hali tangu juzi usiku. Maji anayaendea lakini hayamezi. Jana alimrukia ndama aliyekua naye, akamng'ata. Na mlio wake umebadilika, kama si yeye."

Hakutaja ugonjwa wowote, lakini kijana huyo sasa anajua asimguse mbwa kwa mikono mitupu. Ametaja lini ilianza, nini kimeacha kufanyika, nini kipya kimeanza, na nani ameguswa. Ukikumbuka hayo manne hata kwa simu, yatosha.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu kuna hukumu moja inayoua watu. Kichaa cha mbwa kina sura mbili. Ile ya kwanza kila mtoto anaijua: mbwa anakimbia ovyo, anang'ata mti, mbuzi na mtu. Ya pili ni ya kimya. Mbwa anajificha chini ya ghala, taya limelegea, mdomo haufungi, mate yanachuruzika, kumeza hawezi. Mwenye mbwa akiona mdomo ule wazi husema amekwamwa na mfupa, kisha hupenyeza mkono kooni kuutafuta. Usifanye hivyo. Na ukimpigia daktari, usimwambie habari za mfupa kama hukumwona mbwa akila mfupa. Mwambie: "Mdomo haufungi, mate yanatoka, tangu asubuhi." Yeye ndiye atakayeamua kama ni mfupa au la, tena akiwa amevaa glavu.

Kama meno yamemgusa mtu, au mate yameingia kwenye kidonda au jichoni, mazungumzo na daktari wa mifugo yasubiri. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyohiyo bila kungoja kuona mbwa atafanyaje. Huko napo maneno yana kazi. Muuguzi anahitaji kujua mbwa ni wa nani, alichanjwa lini, aling'ata kwa kuchokozwa au bila sababu, na sasa yuko wapi. Kama mbwa anajulikana na anaweza kufungwa bila kumhatarisha mtu, huangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki za aliyeng'atwa. Vijana wakimwua kwa marungu na kumtupa mtoni, habari hiyo imepotea. Kwa hiyo mwambie mwenyekiti wa kitongoji mapema asiruhusu mbwa apigwe kabla bwana mifugo hajasikia. Muuguzi na bwana mifugo hukaa ofisi mbili tofauti, pengine hata hawafahamiani. Wewe ndiye wa kumpa mmoja namba ya simu ya mwenzake.

Siku ya chanjo

Historia ya chanjo ya mbwa katika eneo hili ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na ina simba ndani yake. Mwaka 1994 ugonjwa uitwao distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu simba 1,000, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wakatajwa kuwa chanzo kinachoelekea zaidi. Mbwa mwitu walikuwa wameshatoweka katika mbuga zile mwaka 1991, na miongoni mwao kichaa cha mbwa kilikuwa kimethibitishwa. Kampeni kubwa za kuchanja mbwa wa wilaya ya Serengeti zilianza miaka ya 1990, na baadaye zikatanuka kuizunguka hifadhi.

Nayataja haya kwa sababu yanaathiri jibu lako pale mezani. Mchanjaji akiuliza, wengi husema "alishachanjwa" na kuvuta kamba waondoke. Alichanjwa nini? Katika vijiji vilivyo karibu na hifadhi mbwa amewahi kupewa chanjo ya kichaa, ya distempa na ya parvo kwa wakati mmoja. Kwingine alipewa ya kichaa peke yake. Mbwa wa Robanda na mbwa wa Sirari wanaweza wote kuwa "wamechanjwa" na wasiwe na kinga sawa. Njoo na kadi. Kama kadi ililiwa na mchwa, sema mwaka na mahali: "Alichanjwa mwaka juzi, pale shuleni, bure, sijui kama ilikuwa zaidi ya kichaa." Jibu la namna hiyo ni zuri kuliko ndiyo ya haraka, maana mchanjaji akiwa na shaka atamchanja tena, na kumchanja tena hakumdhuru mbwa. Nawe uliza kabla ya kuondoka: hii ni ya nini, na nirudi lini?

Watoto wa mbwa huachwa nyumbani kwa imani kwamba ni wadogo mno. Shirika la Afya Duniani linataka katika kampeni za kichaa wachanjwe hata walio chini ya miezi mitatu, kwa kuwa shabaha ni kufikisha asilimia 70 ya mbwa wote, na watoto ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Usiamue wewe. Walete, taja umri wao, mchanjaji ataamua. Hali kadhalika jike mwenye mimba: sema ana mimba, usimfiche wala usimwache. Na ukikosa siku yenyewe usingoje mwaka mzima bila kuuliza. Mkoa wa Mara ulikuwa uwanja wa jaribio la kuweka chanjo kijijini muda wote, zikitunzwa ndani ya chungu cha kupozea kisichohitaji umeme, ili mbwa aliyezaliwa baada ya kampeni asibaki hivihivi. Nenda ofisi ya kata uulize kama kwenu kuna mtu wa namna hiyo.

Sasa jambo ambalo watu wazima hawalifikirii: anayempeleka mbwa mara nyingi ni mtoto. Baba yuko shambani, mama yuko mnadani, na mbwa humtii yule anayemtupia ugali. Hakuna ubaya, ila mtoto hatumwi mikono mitupu. Mwandikie kwenye karatasi ya daftari jina la mbwa, umri, mara ya mwisho kuchanjwa, kama amewahi kumng'ata mtu, kama wiki hii ameumwa. Mpe kamba ya katani iliyo nene, si waya wala uzi wa nailoni unaokata kiganja. Mfundishe kusema jambo moja kwa sauti kabla mchanjaji hajanyoosha mkono: "Huyu anang'ata akishikwa masikio." Na kama mbwa ni mkubwa kuliko mtoto, nenda mwenyewe.

Tukumbuke pia lugha. Bibi wa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma anaweza kueleza ugonjwa wa mbwa kwa ufundi ambao hakuna kitabu kitaufikia, lakini kwa lugha yake. Mchanjaji naye pengine katoka Kagera au Kilimanjaro. Mjukuu wa kutafsiri asifupishe. Mara nyingi bibi husema maneno ishirini, mjukuu akasema "anaumwa tumbo". Bibi aonyeshe kwa mwili: mbwa anajikunja hivi, anakohoa hivi, anatembea kwa kuburuta mguu huu. Daktari yeyote mwenye akili atamtazama bibi, si mjukuu.

Ya porini

Hapa ndipo midomo hufungwa. Wilaya hizi mbili zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na upande wa Serengeti kuna mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Mbwa huingia huko, pengine peke yake, pengine na mtu. Akirudi na kidonda mguuni, mwenye mbwa husema "alichomwa na mti". Daktari akipokea habari ya mti atasafisha kama kidonda cha mti.

Kidonda cha waya ni kitu kingine. Waya huzunguka mguu au shingo, nyama ikavimba na kuufunika, na kipande kinaweza kubaki ndani kikiendelea kukata. Anayetibu lazima apapase mzunguko wote. Kidonda cha meno nacho kina swali lake kubwa: meno ya nani? Bweha na fisi hupata kichaa kama mbwa, na mbwa aliyeng'atwa na bweha ni habari ya dharura hata kama jeraha ni dogo kuliko kucha. Si lazima ueleze mbwa alikuwa anafanya nini kule wala alifuatana na nani. Sema tu ni waya, ni meno, au ni pembe, na imetokea lini. Daktari anatibu kidonda.

Ongeza na hili kama mbwa hushinda upande wenye mbung'o: jicho likiwa na ukungu wa bluu au weupe, na mbwa anakonda huku anakula, taja jicho na utaje mbung'o. Wafugaji wanajua ndigana na nagana kwa ng'ombe, lakini wengi hawajui kwamba mbwa naye huugua nagana, tena mara nyingi jicho ndilo husema. Na kama mbwa wako anashinda machinjioni akila mapafu na maini mabichi, sema. Kuna tegu ambaye mbwa humpata humo na kumpitishia binadamu, na dawa yake si kila dawa ya minyoo.

Kupe, dawa na mizani

"Nipe dawa ya kupe" ni sentensi fupi mno. Dukani Tarime mjini au Mugumu utapewa chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwa sababu ndiyo inayouzwa, na utarudi nyumbani kumpulizia mbwa kwa kipimo cha ng'ombe. Mwambie muuzaji mapema kuwa ni ya mbwa, ana uzito gani, ananyonyesha au la. Uzito si wa kukisia. Nenda kwenye mizani ya mahindi, panda ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Mbwa wengi wa vijijini hawafiki kilo 20, na kosa dogo la kipimo kwa mnyama wa kilo 12 si dogo.

Kisha uliza jina la dawa, kiasi gani kwenye maji kiasi gani, baada ya siku ngapi irudiwe, na kama mbwa akijilamba itamdhuru. Mwombe akuonyeshe kipimo kwa kifaa utakachotumia nyumbani. "Kizibo kimoja" ni kizibo cha chupa ipi? Nyumbani kuna paka? Sema. Dawa zenye pamethrini ambazo mbwa huzivumilia zinaweza kumwua paka anayelala naye jikoni. Na bwana mifugo akichomoa aivamektini ya ng'ombe, mwambie asili ya mbwa wako kama unaijua: mbwa wa jamii ya kolii, na baadhi ya German Shepherd na machotara wao, wana damu isiyoivumilia vizuri dawa hiyo. Hakuna mtu atakayeijua asili hiyo kwa kumtazama mbwa mwekundu wa kijijini, ila wewe uliyempata kwa yule mwenye mbwa wa kizungu.

Kuna jambo watu huona haya kulisema. Kusema mbwa "anatoka damu nyuma" hakumsaidii mtu. Damu ya haja kubwa kwa mtoto wa mbwa inaweza kuwa parvo, na hiyo ni mbio za saa chache. Damu inayodondoka ukeni au uumeni kwa mbwa mzima, wiki baada ya wiki, pamoja na uvimbe wenye vinundu, mara nyingi ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Ni saratani, lakini ina sindano zinazoiponya vizuri ikiwahiwa. Kama wakwe au wazee wamekaa pale na ulimi unakuwa mzito, sema: "Daktari, naomba tuongee pembeni." Ukifika pembeni kitaje kiungo kwa jina lake.

Kwa wenye mbwa wa manyoya marefu

Wafugaji hawa ni wachache lakini wanaongezeka, hasa Tarime mjini, Sirari na karibu na mgodi wa Nyamongo, ambako mbwa mkubwa wa kulinda ni kitu cha thamani. Ushauri wangu wa kwanza ni wa kuzuia: usimpeleke kwa kinyozi wa watu, hata akikubali, hata ukiwa na urafiki naye. Mapunye hutoka kwa mbwa kwenda kwa binadamu, na mashine ile kesho itapita kichwani mwa mtoto wa shule. Tafuta mwenye mashine ya wanyama, au umwombe bwana mifugo akate sehemu zinazohitaji tu.

Neno "fupi" ndilo chanzo cha ugomvi. Fupi ya mnyoaji ni ngozi ionekane, fupi yako ni kupunguza kidogo. Taja kwa kitu: "Yabaki marefu kama njiti ya kiberiti," na umwonyeshe njiti. Picha ya mbwa wako mwenyewe kwenye simu, ulipompenda alivyo, inafaa kuliko picha ya mbwa wa Marekani mwenye manyoya ya aina nyingine. Taja sehemu moja baada ya nyingine, kwa kuwa "mnyoe" bila kutaja humaanisha mwili mzima: mgongo uachwe, tumbo lipunguzwe, kati ya vidole pasafishwe kwa sababu ya funza na matope, chini ya mkia pakatwe, mkia wenyewe usiguswe. Sema na sababu. Mnyoaji akijua unataka kuwaona kupe kwa urahisi atafanya kazi moja, akijua unakwenda kupiga picha za arusi atafanya nyingine.

German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili. Usiombe anyolewe hadi ngozi ati kwa sababu ya joto. Manyoya hayo humkinga na jua, na huenda yasirudi yalivyokuwa. Tena Tarime ni mlimani, na asubuhi za Juni na Julai huko si za kumwacha mbwa uchi. Omba achanwe manyoya yaliyokufa. Kama yamesokotana hadi kitana hakipiti, uliza kwanza: "Yachanika haya au yakatwe?" Akisema yakatwe mwamini, kwa sababu kuyavuta ni kumtesa, na chini ya fundo mara nyingi kuna kidonda au funza ambavyo hakuna aliyeviona. Kwa kidonda sema upana: "Mnyoe kuzunguka hapa, kiganja kimoja, dawa ifike."

Mkague kabla ya kazi, nyote wawili, mpitishe mikono mwilini mwake. Chunusi, uvimbe, sikio linalonuka, kucha iliyopasuka: vitajwe mapema ili baadaye pasiwe na wa kusema "umemkata wewe". Bei mkubaliane kabla mashine haijawashwa, na muulizane kama kucha na masikio vimo ndani yake. Kaa hapo hadi amalize robo ya mwili, hapo ndipo unaweza kusema "ndefu zaidi kidogo" na ikasaidia. Na kama ana tabia ya kunguruma akishikwa miguu ya nyuma, mwambie mnyoaji kabla hajafika miguu ya nyuma.